Hiyo kamba iache kwanza

Mshikaji wangu,

Mambo? Meseji yako nimeiona, ile unauliza ununue kamba gani, mita ngapi, nene kiasi gani. Nimecheka kidogo maana kila anayeanza milima ya theluji anaanzia hapo hapo kwenye kamba. Iache kwanza. Mi nakushauri uanze na miguu.

Najua unaona kramponi, vile vyuma vya meno vya kufunga chini ya viatu, ni kuvaa tu na kutembea, ila ngoja uzivae, yale meno yanadaka kila kitu, yanadaka suruali, yanadaka kiatu cha pili, na ukijikwaa kwenye mteremko mgumu ndo basi tena. Kwa hiyo unatembea umeachanisha miguu kidogo kuliko kawaida, na wayo unaulaza wote ili meno yote ya chini yaume kwa pamoja, yaani kifundo cha mguu ndo kinakunjika kuufuata mteremko, hukanyagi kwa ukingo wa kiatu. Kifundo kitauma, zoea. Mteremko ukizidi ukali ndo unahamia kwenye meno ya mbele, lakini hapo misuli ya nyuma ya mguu inawaka moto mapema sana, wazoefu wenyewe hawayakimbilii. Afu theluji ikiwa na majimaji inagandamana chini ya kramponi inakuwa donge na meno hayagusi tena kitu, kazi yako inakuwa kugonga kiatu kwa mpini wa shoka la barafu kila baada ya hatua chache. Inachosha akili kweli kweli.

Shoka la barafu nalo lina somo lake, la kujizuia ukishateleza. Tafuta mteremko ambao ukiteleza unaishia sehemu tambarare, chini hakuna mawe wala genge, vaa helmeti na glavu, kramponi vua kabisa, afu jiachie uteleze makusudi. Mkono mmoja juu ya kichwa cha shoka, mwingine kwenye mpini karibu na ncha ya chini, shoka limekatiza kifuani, kichwa chake karibu na bega. Unageuka kulalia tumbo kwa upande wa kichwa cha shoka, sio upande wa ncha, maana ncha ikikita inaweza kukupokonya shoka zima, afu unalilalia kwa uzito wa kifua. Ukishazoea hivo jaribu kuteleza kwa mgongo, afu kichwa kikitangulia, hapo ndo utajua kama umejifunza au ulikuwa unaigiza. Siku ukianguka na kramponi mguuni, miguu inue, kandamiza theluji kwa magoti, kwa sababu meno yakinasa na ile spidi yanakupindua na kifundo kinaweza kuvunjika. Ila nikwambie ukweli, kwenye theluji ngumu una sekunde chache tu za kufanya yote hayo, spidi ikishakolea shoka halikusaidii, ndo maana nang'ang'ania miguu.

Sasa kamba. Watu wanadhani mkishafungana basi mko salama. Mwaka 1865 wale wa kwanza kufika kilele cha Matterhorn, mlima ulio mpakani mwa Uswisi na Italia, walikuwa saba, wakati wa kushuka wamefungana, mmoja ambaye hakuwa mzoefu akateleza akampiga kumbo mwenzake, wakavutwa wengine wawili, wanne wakafa, na watatu walipona kwa vile kamba ilikatika. Kwenye mteremko mkali kama kamba haijashikizwa penye mwamba au barafu imara, akiteleza mmoja mmeteleza wote. Mto wa barafu, yaani ile barafu nene inayoteremka mlimani taratibu, ni habari nyingine, kule kuna nyufa zimefunikwa na theluji huzioni, mnatembea mmeachana kama mita 10 hadi 15 kamba isilegee, mmoja akizama wenzake wanajitupa chini kumzuia. Huko kamba ni lazima, ila kama hamjui kumtoa mtabaki mmemshikilia tu mnaangaliana.

Kama mikono inakuwasha, chukua kikamba chembamba ujifunze prusiki, fundo alilolitangaza mpanda milima wa Austria, Karl Prusik, mwaka 1931. Unakizungusha mara tatu kwenye kamba nene, ukikipa uzito kinabana, ukitoa uzito kinasogea, ukiwa navyo viwili unapanda kamba unatoka kwenye ufa mwenyewe. Fanya na glavu nene, mikono mitupu hata mtoto ataweza.

Na kuamka saa saba usiku usilalamike, jua likipiga theluji inalainika na mawe yaliyoshikwa na barafu yanaanza kudondoka, wewe wakati huo unatakiwa uwe unashuka. Ukishapita mita 3,000 kutoka usawa wa bahari usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, kichwa kikigonga na kichefuchefu juu usiendelee kupanda, na mtu akianza kuyumba anashushwa hapo hapo hata kama ni usiku. Maporomoko ya theluji siwezi kukufundisha kwa barua, hilo kasome na mwalimu, jua tu kwamba miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndo inayopenda kuporomoka, na ndo hiyo hiyo inayotuvutia.

Kwenye kozi ya kupanda milima kamba utazikuta, hela yako weka kwenye viatu vigumu vinavyokubaliana na kramponi. Ukienda kununua beba vyote viwili, vaa, funga, inua mguu uutikise, zikicheza usichukue. Ukipata tarehe ya kozi nitumie niangalie kama naweza kuja, zoezi la kumvuta mtu kutoka kwenye ufa nataka kulirudia na wewe ni mzito vizuri.