Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kazi na Ustawi wa Jamii wa Japani: siku moja ya Novemba haitoshi kupima mlo wa mtu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima naomba kuzungumza nawe hadharani kuhusu namna wizara yako inavyopima ubora wa mlo wa watu wazima wa Japani. Mimi ni mtaalamu wa lishe, mzaliwa wa pwani ya Afrika Mashariki na mkazi wa nchi yako. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wenzangu wengi wa taaluma hii huko nyumbani huitaja Japani kila wanapotafuta mfano wa kuigwa, na ni haki yao kujua kipi cha kuiga na kipi kina walakini.

Ombi langu ni kwamba Utafiti wa Taifa wa Afya na Lishe usiendelee kutegemea chakula cha siku moja tu ya mwezi Novemba. Iongezwe siku ya pili, katika msimu mwingine wa mwaka, walau kwa sehemu ya washiriki, na washiriki hao hao wakusanyiwe mkojo wa saa 24, ambamo sehemu kubwa ya chumvi iliyoliwa hutoka, ili takwimu za chumvi zisisimame juu ya kauli ya mlaji peke yake.

Sisemi hivyo kwa kuidharau kazi iliyokwisha kufanyika. Utafiti huu ulianzia Tokyo mwaka 1945 kwa amri ya majeshi yaliyoikalia nchi baada ya vita, wakati swali lilikuwa ni msaada wa chakula kiasi gani unahitajika. Ukaenea nchi nzima mwaka 1948, na tangu hapo umefanyika kila mwaka, isipokuwa 2020 na 2021 uliposimamishwa kwa sababu ya UVIKO-19. Jedwali la virutubishi mnalolitumia lilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1950 likiwa na vyakula 538, na toleo la mwaka 2020 lina vyakula 2,478. Ni nchi chache sana zinazoweza kuonyesha mfululizo wa kumbukumbu wa namna hiyo.

Mageuzi ya mwaka 1995 ndiyo yanayonifanya niandike. Kabla ya hapo chakula kiliandikwa kwa kaya nzima, na haikuwezekana kujua baba alikula nini na binti alikula nini. Tangu mwaka huo anayeandika kumbukumbu ya kaya huweka viazi, samaki na tofu (jibini ya soya) kwenye mzani wa jikoni, huandika uzito, kisha hukadiria mgawanyo: katika chungu kimoja cha nabe, mchemsho wa Kijapani unaoliwa na familia kwa pamoja, tuseme, baba amekula sehemu nne kati ya kumi, mama tatu, mtoto mbili, na moja imebaki. Sisi tunaokula katika sinia moja tunaielewa vizuri thamani ya njia hiyo, kwa maana kumpima mlaji mmoja kati ya watano wanaochota wali mahali pamoja ni mtihani mgumu kwa mtafiti yeyote. Lakini mageuzi hayo hayo yaliyotuwezesha kumwona mtu mmoja mmoja yalipunguza siku za kuandika kutoka tatu hadi moja, na hapo ndipo tatizo lilipoingia.

Siku moja inatosha, Mheshimiwa, kama unachotaka ni wastani wa kundi kubwa, kwa kuwa aliyekula zaidi ya kawaida yake hufidiwa na aliyekula pungufu. Haitoshi hata kidogo unapouliza ni watu wangapi hawafikii lengo. Mtu anayekula samaki mara tatu kwa wiki, akiandikiwa Jumanne ambayo hakula samaki, huingia kwenye hesabu kama asiyekula samaki kabisa, na jirani yake aliyemla siku hiyo kwa bahati tu huonekana mlaji mkubwa. Tofauti za siku na siku ndani ya mtu mmoja hugeuka kuwa tofauti za mtu na mtu, kwa hiyo walio chini kabisa na walio juu kabisa huonekana wengi kuliko walivyo. Zipo njia za kitakwimu za kurekebisha kasoro hii, ila zote zinahitaji angalau siku mbili kutoka kwa baadhi ya watu. Bila siku ya pili hakuna cha kurekebishia.

Kuna pia suala la siku yenyewe. Novemba ni mwezi wa figili nyeupe, kabichi ya Kichina, persimoni na machungwa madogo. Tambi baridi, nyanya na matikiti ya kiangazi hayaonekani. Jumapili na sikukuu haziruhusiwi kuchaguliwa, ilhali hizo ndizo siku ambazo familia nyingi hutoka kwenda kula mgahawani. Naelewa kwamba kulinganisha mwaka na mwaka kunahitaji kubaki katika mwezi ule ule, na kwa hiyo siombi Novemba iachwe, bali isiwe peke yake.

Chumvi ndipo gharama ya upungufu huu inapoonekana waziwazi. Kwa mujibu wa utafiti wenu wa mwaka 2019, mtu mzima alikula wastani wa gramu 10.1 kwa siku. Mpango wa Afya wa Japani wa Karne ya 21, katika awamu ya tatu iliyoanza mwaka 2024, unataka wastani huo ushuke hadi gramu 7, na Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5. Hata hivyo, watafiti waliopima mkojo wa saa 24 wa watu wazima katika mikoa mingi ya Japani walipata makadirio ya kama gramu 14 kwa wanaume na karibu 12 kwa wanawake. Pengo hilo si la kushangaza kwa mtu aliyewahi kusimamia kumbukumbu za chakula. Bakuli moja la supu ya miso, yaani rojo la soya lililochachushwa kwa chumvi, hubeba takribani gramu moja na nusu ya chumvi, na kijiko kikubwa kimoja cha mchuzi wa soya hupita gramu 2.5, sasa nani anapima matone anayomwagia tofu mezani, na nani anakumbuka kama supu ya rameni, tambi za mchuzi, aliinywa yote au aliibakiza nusu? Tena mtu anayejua kwamba mtaalamu wa lishe atapitia karatasi yake hula kwa adabu siku hiyo. (Nami ningefanya vivyo hivyo.)

Nchi yako inajua vizuri uzito wa jambo hili. Kiharusi kiliongoza kwa kuua Wajapani kuanzia mwaka 1951 hadi 1980, na mikoa ya kaskazini-mashariki kama Akita, yenye majira marefu ya baridi na mapipa ya achari, iliumia kuliko mingine. Nagano nayo iliwahi kuwa na vifo vingi vya kiharusi, ikaendesha kampeni ya kupunguza chumvi nyumba kwa nyumba, na leo ni miongoni mwa mikoa ambayo watu wake huishi muda mrefu zaidi. Kazi ya namna hiyo inahitaji kipimo kisichodanganyika.

Hata pale takwimu zinapokuwa sahihi, namna ya kuzitolea hukumu ina upungufu wake. Mwongozo wenu wa mwaka 2005, ule wenye mchoro wa pia inayozunguka, unapanga chakula katika makundi matano: nafaka, mboga, samaki na nyama, maziwa, na matunda. Ni mwongozo mzuri. Watafiti waliofuatilia watu karibu 80,000 kwa miaka 15 walionyesha mwaka 2016 kwamba waliokula kwa kuukaribia walikuwa na vifo vichache. Lakini hauhesabu chumvi wala hautofautishi mchele mweupe na ule usiokobolewa, kiasi kwamba mtu anaweza kupata alama zote huku akinywa supu ya miso mara tatu kwa siku na achari pembeni. Watafiti walipoazima kipimo cha Kimarekani cha ubora wa mlo, alama ya jumla ya Wajapani ilikaribiana na ile ya Wamarekani, na walipopoteza zaidi ni kwenye chumvi na nafaka zisizokobolewa. Siamini kwamba kipimo kilichotungwa kwa walaji wa mkate na jibini ndicho kitakachowahukumu walaji wa wali na samaki, lakini kimegusa mahali ambapo chenu kimenyamaza. Wizara inaweza kutunga alama yake, yenye chumvi ndani yake.

Linabaki kundi ambalo wastani hulificha. Mwaka 2019 karibu mwanamke mmoja kati ya watano wenye umri wa miaka ya ishirini alikuwa na uzito pungufu, na vijana wengi huruka kifungua kinywa. Wengi wao wanaishi peke yao, wanarudi usiku, wanakula bento (mlo uliopangwa kwenye kiboksi) ya dukani, na hawana mzani jikoni. Kwa hao siku ya pili inaweza kuulizwa kwa simu, na chakula cha dukani kikapigwa picha pamoja na lebo yake, kwa kuwa tangu Aprili 2020 kiasi cha chumvi ni lazima kiandikwe kwenye chakula kilichofungashwa. Picha hiyo itasema mengi kuliko kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Najua mkojo wa saa 24 ni usumbufu. Hakuna anayefurahia kubeba chombo hicho kazini. Ndiyo maana sipendekezi kaya zote za maeneo 300 mnayoyachagua kwa utafiti wa kawaida zifanyiwe hivyo. Mlifanya utafiti mpana, wenye washiriki wengi kuliko kawaida, mwaka 2012, 2016 na 2024. Mkiendelea na utaratibu wa kila miaka minne, unaofuata utakuwa mwaka 2028. Muda huo unatosha kufanya majaribio katika mikoa miwili, na kwa maoni yangu Akita na Nagano zinafaa, kisha matokeo yachapishwe pamoja na idadi ya waliokataa kushiriki na sababu walizotoa.

Wako kwa heshima,

Mtaalamu wa lishe, mkazi wa Japani