Malalamiko kuhusu fomu za mashindano ya farasi mlizomwandalia binti yangu

Lexington, Kentucky

Kwa Meneja,
Idara ya Tafsiri na Uandaaji wa Fomu

Ndugu Meneja,

YAH: KUZUIWA KWA BINTI YANGU KUSHINDANA, NA OMBI LA KUREJESHEWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Binti yangu ana miaka 12 na alikuwa anaingia kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya kuruka viunzi yanayoendeshwa kwa kanuni za Shirikisho la Farasi la Marekani, USEF. Nilikuja kwenu kwa sababu mnajitangaza kwa Kiswahili, na nilitaka nielezwe kila karatasi kabla ya kuweka sahihi. Mlichukua malipo yote mwanzoni. Jumamosi iliyopita mtoto alifika uwanjani nywele zimesukwa mistari ya kulala ili kofia ngumu imkae sawa, farasi ameshatandikwa, akanyimwa namba ya mgongoni. Wenzake waliingia uwanjani, yeye akabaki ameshika hatamu nje ya uzio. Kila kilichomzuia kilitoka kwenye faili lenu.

Nianze na uanachama. Mlimsajili kama shabiki. Uanachama wa shabiki unampa mtu habari na video za mashindano, lakini haumpi ruhusa ya kushindana. Anayeshindana anahitaji uanachama wa ushindani, au alipiwe pasi ya shoo hiyo moja. Na haliishii kwa mpanda farasi: mmiliki wa farasi na mkufunzi nao wanatakiwa wawe wanachama au walipiwe pasi. Hayo yote sikuambiwa. Ningeambiwa, ningepima mwenyewe kama mtoto anayeanza ahitaji uanachama wa mwaka mzima au pasi inamtosha, nikijua kwamba alama za msimu hazihesabiwi mpaka uanachama na usajili wa farasi viwe vimeanza kufanya kazi. Mlinichagulia kilicho rahisi kujaza, tena kisichofaa.

Kwenye ankara yenu kuna pia malipo ya "mafunzo ya SafeSport ya mtoto". Mafunzo hayo ya kuwalinda wanamichezo dhidi ya unyanyasaji ni ya lazima kwa wanachama washindani waliotimiza miaka 18, na mwanachama hayalipii. Binti yangu hajafika umri huo. Naomba mnieleze fedha hiyo ililipia nini.

Sasa nije kwenye lililoniumiza zaidi, nalo ni weva, yaani mkataba wa kukubali hatari na kuachia madai ulio kwenye fomu ya kuingilia mashindano. Tafsiri mliyonitumia ilikuwa na mistari mitatu: "Hii ni fomu ya kawaida. Inasema farasi ni hatari. Saini palipowekwa alama." Baada ya tukio nilikaa na rafiki yangu muuguzi, anayesoma Kiingereza vizuri, tukaupitia mkataba wenyewe sentensi kwa sentensi. Unasema nakubali hatari ya kuumia vibaya, hata kufa. Unasema naachia madai hata kama madhara yametokana na uzembe wa shirikisho au wa waandaaji. Unasema nitafidia gharama watakazopata iwapo mtu mwingine atadai kwa sababu mtoto wangu au farasi aliyempanda amemdhuru. Na unaruhusu picha za mtoto zitumike. Je, mzazi anayeombwa kukubali mambo mazito kama haya anatosheka na mistari mitatu?

Tena mfanyakazi wenu aliponipigia simu alisema kinyume cha tafsiri yenu: kwamba nikishasaini, mtoto hatakuwa na haki ya kudai chochote maishani. Sikuwaomba ushauri wa kisheria, na ninajua ninyi si mawakili. Lakini kama mnasema, semeni lililo kweli. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya Kentucky, katika kesi ya mtoto aliyeumia kwenye ukumbi wa trampolini (vitambaa vya kurukarukia), iliamua kwamba hati ya kuachia madai iliyosainiwa na mzazi kwa niaba ya mtoto kabla ya ajali haiwezi kutumiwa na biashara ya faida kumzuia mtoto huyo kudai. Kwa upande mwingine, jimbo hili lina sheria ya shughuli za wanyama wa shamba, na kibao chake kimebandikwa kwenye mabanda mengi: mwenye shughuli hana wajibu wa kuondoa kila hatari, na anayeshiriki anazikubali hatari za asili kwa hiari yake. Mzazi anastahili kuyasikia yote mawili. Ninyi kwenye karatasi mliupunguza uzito wa mkataba, kwenye simu mkauongeza, na mahali popote hamkuniambia nitafute wakili kama nina shaka.

Kuna na jambo la mstari wa mkufunzi, yaani pale mkufunzi wa farasi anapotakiwa kusaini kwenye fomu ya kuingilia. Katibu wa mashindano aliigeuza fomu inielekee, akaweka ncha ya penseli kwenye mstari huo. Palikuwa na jina langu, limechapwa na ofisi yenu. Akaniuliza kwa upole, "Wewe ndiye unayemfundisha farasi huyu?" Mimi nafanya usafi hospitalini. Farasi ni wa banda la mkufunzi wa binti yangu, na mkufunzi huyo ndiye anayemlisha, anayemtibu na anayeshika funguo za kabati la dawa. Kwa kanuni ya USEF namba GR404, mkufunzi ni mtu mzima mwenye dhamana ya matunzo, mafunzo na hali ya farasi, na ndiye anayewajibika farasi akipimwa na kukutwa na dawa iliyokatazwa. Mzazi husaini hapo pale tu ambapo mtoto hana mkufunzi. Binti yangu anaye, na jina la mwalimu huyo niliwaandikia kwenye barua pepe ya kwanza kabisa. Mlinibebesha dhamana ya mnyama nisiyeruhusiwa hata kumpa chumvi. Nilipompigia mfanyakazi wenu palepale uwanjani, alijibu kwamba waliweka jina langu "ili fomu isirudi". Mkufunzi alikuwa upande wa pili wa uwanja na mwanafunzi mwingine. Alipofika kusaini, kundi la binti yangu lilikuwa limemaliza.

Kuhusu vyeti vya afya sitarefusha. Mlisema cheti cha kipimo cha Coggins kinatosha. Kipimo hicho kinaonyesha kwamba farasi hana anemia ambukizi, ugonjwa unaoenezwa na nzi wanaouma na usio na tiba. Hakihusiani na chanjo. Kanuni za USEF zinataka pia uthibitisho kwamba farasi amechanjwa mafua na virusi vya herpesi vya farasi ndani ya miezi 6 kabla ya kuingia viwanjani. Rekodi hiyo ilikuwepo bandani siku zote. Hamkuiulizia.

Binti yangu amefagia mabanda na kubeba ndoo za maji msimu mzima wa baridi ili apunguziwe ada ya mafunzo. Ninawaandikia kwa ajili yake, na kwa ajili ya majirani zangu. Mji huu una familia nyingi zinazosema Kiswahili, wengi wao kutoka Congo, na watoto wao wameanza kuonekana mabandani. Wazazi hao watakuja kwenu kama nilivyokuja, kwa sababu mnaongea lugha yao.

Naomba yafuatayo ndani ya siku 14. Mnirejeshee ada yote ya huduma, malipo ya mafunzo ambayo mtoto hakuyahitaji, na gharama ya uanachama wa shabiki. Mnipe tafsiri kamili ya mkataba, neno kwa neno, si muhtasari. Mpitie mafaili ya watoto wengine mliowaandalia fomu za mashindano, na popote mlipochapa jina la mzazi kwenye mstari wa mkufunzi mumpigie mzazi huyo simu na kumweleza. Na mnijulishe kwa maandishi ni nani ofisini kwenu anayehakiki fomu hizi kabla hazijatoka, kwa kuwa yule niliyeongea naye alisema hakuna.

Mashindano mengine ni mwezi ujao. Safari hii mkufunzi na mimi tunajaza fomu wenyewe, kwa hiyo naomba pia mnirudishie nakala halisi za cheti cha kuzaliwa na cheti cha Coggins mnazozishikilia, kabla ya Ijumaa.

Wenu,
Mteja wenu na mzazi wa mtoto aliyezuiwa kushindana

Nakala: Mkufunzi wa mtoto