Salamu za Krismasi kwa nyumba inayouguza saratani

Ndugu, jamaa na marafiki, tunawatakia Krismasi njema na mwaka mpya wenye heri, nyinyi mlioko Kisumu, Siaya, Vihiga, Kakamega, Busia na Nakuru, pamoja na wote watakaokuwa barabarani wiki hii wakielekea nyumbani. Shule zimefungwa, nauli zimepanda kama ilivyo ada ya Desemba, na katika maboma mengi kuku wa tarehe 25 ameshajulikana. Salamu hizi ni za kila mtu, ila mwaka huu tunazielekeza hasa kwenye nyumba yenye mtu anayeishi na saratani: kwa mama aliye katikati ya kemo (matibabu ya dawa za kuua saratani), kwa babu ambaye chakula kinamkwama kooni, kwa binti aliyeacha kibarua ili amuuguze mzazi wake.

Tuna ombi moja. Mwaka huu sherehe ifuate hali ya mgonjwa, wala mgonjwa asiburutwe kufuata sherehe.

Kwa mfano, kuna dawa nyingi za kemo zinazotolewa kila baada ya siku 21. Chembe nyeupe za damu, zinazolinda mwili dhidi ya maambukizi, mara nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Mtu akitundikiwa dripu tarehe 16 Desemba, na mkahesabu siku hiyo kuwa ya kwanza, siku ya 7 ni tarehe 22 na ya 14 ni tarehe 29. Yaani nyumba inapojaa wageni, watoto wenye mafua na sahani za kupokezana, ndipo kinga yake imefika chini kabisa. Siku chache kabla ya dozi inayofuata, ya tarehe 6 Januari, huwa na nguvu zaidi na hamu ya kula imerudi. Kwa hiyo mlo mkubwa wa ukoo ukiwekwa tarehe 2 au 3 Januari, atakula nanyi. Lakini msiahirishe dozi wenyewe ili kupisha sikukuu. Mwulizeni daktari. Safari nyingine hukubali kusogeza siku chache, na safari nyingine hukataa kwa kuwa uvimbe hupata nafasi ya kukua tena kati ya dozi na dozi.

Sasa tuseme juu ya joto, na hapa tunaomba msome polepole. Kanda hii ya ziwa mtu akipata homa, neno la kwanza mdomoni ni malaria. Anakimbia kemisti, ananunua dawa ya malaria na panadol, analala. Kwa mtu aliye kwenye kemo, kulala huko kunaweza kumwua kabla ya mapambazuko. Vijidudu vya mdomoni na tumboni mwake mwenyewe hupenya hadi kwenye damu, na kwa kuwa chembe nyeupe ni chache, hapatoki usaha wala hapavimbi mahali popote. Dalili huwa joto tu, pengine na kutetemeka kwa baridi. Panadol hushusha joto hilo na kuificha hatari. Basi kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa mkesha wa Krismasi. Kipimo cha malaria kifanywe, ndiyo, lakini kikionyesha malaria bado daktari aangalie damu na kuamua kuhusu antibiotiki ya mshipa, maana mtu anaweza kuwa na yote mawili.

Kipimajoto kinunuliwe kabla wageni hawajafika. Kikiwekwa kwapani husoma chini kidogo, takriban nusu nyuzi, kwa hiyo 37.5 ya kwapani pamoja na kutetemeka isipuuzwe. Cha mdomoni kisitumike mara tu baada ya chai, kitadanganya. Na mkifika hospitalini msikae kwenye foleni kimya. Maneno ya kwanza yawe haya: yuko kwenye kemo, dozi ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, ana joto la 38.

Maneno hayo yaandikwe mapema kwenye karatasi moja, kwa herufi kubwa: jina lake, aina ya saratani, majina ya dawa, tarehe ya dozi ya mwisho, dawa zinazomdhuru, nambari ya simu ya kliniki. Anayetibiwa Jaramogi pale Kisumu, Moi kule Eldoret au hospitali ya rufaa ya Nakuru anaweza kuzidiwa akiwa Ugunja au Mbale, mbele ya daktari ambaye hajawahi kuliona faili lake. Mchagueni mmoja awe msomaji wa nyumba. Mara nyingi ni yule kijana aliyerudi kutoka shule ya bweni. Asome karatasi hiyo, asome na bahasha za dawa. Bahasha iliyoandikwa 1x3 humaanisha kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na tumeona ikigeuzwa kuwa vitatu kwa mkupuo mmoja. Safarini faili na dawa vikae mkononi, wala si kwenye buti la matatu.

Chakula si kigumu kama watu wanavyodhani. Nyama ichemke hadi isitoe damu, mutura uachwe kwa wengine, kachumbari ioshwe vizuri kwa maji safi au iachwe kabisa wiki ile ya hatari, na maziwa yasiyochemshwa, pamoja na mursik (maziwa ya mgando) aliouzoea, yasubiri. Pilau iliyolala kwenye sufuria tangu jana asipewe. Mdomo ukiwa na vidonda, asukutue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa lita moja, mara nne au zaidi kwa siku, kisha ateme. Akiharisha, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa bapa, anywe kidogo kidogo huku mkiwasiliana na kliniki.

Mwenye saratani ya umio, yaani koo la chakula, anahitaji uangalifu wa pekee, na ugonjwa huu ni mwingi upande wetu wa nchi. Wengi wamewekewa mrija wa kupanua koo la chakula, kazi ambayo Hospitali ya Tenwek kule Bomet inajulikana nayo. Mrija huo huzibwa na vile vile vinavyopendwa siku ya Krismasi: chapati, nyama choma, mkate mkavu, ngege mwenye miiba. Chapati hulowana ikawa donge. Nyama isiyotafunwa ikalainika hukwama na kuzuia hata mate. Mpeni uji wa wimbi, viazi vilivyopondwa kwa maziwa, samaki aliyechambuliwa miiba yote na kuvurugwa kwenye mchuzi. Ale akiwa ameketi wima, anywe maji kidogo kila baada ya matonge machache, na asilale mara tu baada ya kula. Akishindwa kumeza hata maji, hiyo ni safari ya hospitali, msijaribu kusukuma kwa tonge la ugali. Na sisi wazima tuipoze chai. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Chai inayotoka sasa hivi kwenye chupa mara nyingi huwa ya moto kuliko hapo. Ikae dakika kadhaa.

Tuje kwenye kusoma, ambako tungependa kukaa kidogo. Krismasi imezoeleka kuwa kula, kuimba na kutembeleana, na aliye wiki ya pili ya kemo hayawezi mengi kati ya hayo. Kusomewa anaweza. Ila kuna namna yake. Dawa nyingi za saratani huleta ukungu akilini: aliyekuwa akimaliza gazeti zima sasa anarudia aya moja mara tatu na bado haijaingia. Huo si uvivu. Mtafutieni kitu kifupi: shairi, zaburi, hadithi ya kurasa nne au tano, barua ya mjukuu. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Kesho yake mwanze ukurasa mmoja nyuma ya mlipoishia, bila kumtahini anakumbuka nini.

Aliyepewa dawa ya kemo iitwayo cisplatin anaweza kuwa na mvumo masikioni, na sauti zinazompotea kwanza ni zile nyembamba. Ndiyo maana husikia redio ya jirani lakini hamsikii mjukuu aliyesimama mbele yake. Kupaza sauti hakusaidii sana. Msomaji akae mbele yake usoni, runinga izimwe, asome polepole kwa sauti ya chini na nzito. Dawa nyingine za kemo, paclitaxel na vincristine, hutia ganzi kwenye ncha za vidole, hata kufungua karatasi nyembamba za Biblia huwa kazi. Kitabu kiwekwe juu ya mto mapajani na mtu amfungulie kurasa. Kwenye simu, herufi zikuzwe hadi mstari uwe na maneno matano au sita tu. Dexamethasone, inayotolewa kuzuia kutapika, hufukuza usingizi usiku wa kwanza na hata wa pili. Mwulizeni daktari kama vidonge vyake vinaweza kumezwa asubuhi. Na kama usingizi umegoma hata hivyo, usiku huo ndio wa hadithi ndefu.

Siku ya dripu yenyewe achukue kitabu chepesi cha kushikika kwa mkono mmoja. Mkono wenye sindano usikunjwe, na akihisi inachoma amwite muuguzi hapo hapo. Hasa kwa ile dawa nyekundu (doxorubicin), kwa sababu ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Mkojo mwekundu siku hiyo au kesho yake ni rangi ya dawa hiyo, msishtuke.

Vitabu vipo kwenye maktaba za umma, Kisumu ipo, Nakuru ipo, Kakamega ipo. Vile vya kwenye sanduku la zamani vichunguzwe kwanza. Kitabu chenye harufu ya unyevu na madoa ya ukungu hutoa chembechembe za kuvu, ambazo mtu asiye na kinga akizivuta zinaweza kumletea ugonjwa wa mapafu. Na tafadhali, mjomba na shangazi, msimletee kitabu cha mtu aliyepona kwa juisi, wala chupa ya miti shamba iliyofichwa ndani ya mkoba. Dawa ya kemo hupita kwenye ini na figo, na mchanganyiko usiojulikana unaweza kuvizidi nguvu viungo hivyo. Kama anaitumia tayari, daktari aambiwe bila woga. Habari za saratani asomewe akiziomba. Wengi wanataka mapenzi, siasa, mpira, na kichekesho. Kama moyo wake uko kwenye Dholuo au Lubukusu, asomewe kwa lugha hiyo. Mtoto wa gredi ya nne akisoma akikosea, mwacheni aendelee. Mgonjwa akisinzia, msomaji asikatize ghafla, ashushe sauti taratibu kisha anyamaze.

Kuhusu maumivu: chupa ya morphine iangaliwe mapema, kabla ya tarehe 20, kwa kuwa famasia nyingi za hospitali hazifanyi kazi kawaida tarehe 25 na 26. Ile ya maji hutolewa kila baada ya saa nne kwa sababu nguvu yake huisha ndani ya muda huo. Mkingoja hadi aanze kugugumia, mtakuwa mnayakimbiza maumivu badala ya kuyazuia. Huenda sambamba na dawa ya kulainisha choo, maana bila hiyo tumbo hufunga. Isichanganywe na pombe yoyote, iwe busaa au bia, kwani vyote viwili hupunguza pumzi. Na iwekwe juu, nyumba imejaa watoto wanaoonja kila chupa.

Watoto hao nao waangaliwe. Mkimwona mmoja taya limevimba na meno yanalegea, msikimbilie kuyang'oa, na msiseme tutaona Januari. Kuna saratani ya watoto iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa Uganda, na eneo hili la malaria nyingi huipata zaidi. Uvimbe wake hukua kwa siku, si kwa miezi, lakini ukiwahiwa husikia dawa vizuri. Apelekwe hospitali ya rufaa wiki hiyo hiyo.

Kesha la mwaka mpya halijakatazwa. Mgonjwa akitaka kwenda, akae karibu na dirisha, asizidishe muda wa saa moja, na salamu za mikono ziachwe. Pia, mtu mmoja aulize ofisi ya SHA (bima ya afya ya serikali) ya hospitali kilichobaki kwenye fungu la saratani, kwani huhesabiwa kwa nyumba nzima kwa mwaka.

Nyumba zilizozika mwaka huu, poleni sana. Dawa zilizobaki, hasa morphine, zirudisheni hospitalini au kwenye hospisi (kituo cha kuwatuliza wenye magonjwa yasiyopona), ipo Kisumu, Nakuru na Eldoret, na wahudumu wake huwapokea pia waliofiwa, si wagonjwa peke yao. Majirani, msiwapite kwa kuogopa kukosa la kusema. Pelekeni unga, kaeni nao.

Kliniki zikifunguliwa baada ya tarehe 1 foleni huwa ndefu. Fikeni mapema, na faili mkononi. Heri ya Krismasi na mwaka mpya.