Risala ya kikundi cha wanawake wachakata dagaa, Ukerewe, kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanawake Duniani, Machi 8, 2025

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu wa Viti Maalum,
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji na Ndugu Mtendaji,
Viongozi wetu wa dini,
Walimu, viongozi wa mwalo, wanakikundi wenzetu,
Mabibi na mabwana,

Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, awali ya yote tunamshukuru Mungu aliyekuvusha maji salama hadi kisiwani kwetu. Ziwa hili tunalijua, likichafuka halibagui mheshimiwa wala mchuuzi. Karibu sana, na hiyo khanga uliyovishwa ni yako, usije ukaivua ukiondoka.

Kikundi chetu ni cha wanawake wanaonunua dagaa mbichi mitumbwi inapotia nanga, tukaanika, tukageuza, tukafunga magunia kwa ajili ya soko la Mwanza. Kila Ijumaa tunaweka hisa na kukopeshana. Kwa kawaida risala kama hii hueleza mafanikio ya kikundi, kisha changamoto, kisha ombi la mashine. Hayo yote tumeyaandika kwenye barua ambayo mweka hazina atakukabidhi, maana chanja zetu za kuanikia dagaa zimechoka na mvua za mwezi huu hazina huruma. Leo tulikubaliana kwenye kikao tusome jambo moja tu, nalo ni uongozi wa mwanamke hapa tulipo, kwenye kitongoji na kijiji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kisiwa hiki si kigeni kwa habari ya wanawake viongozi. Mama Gertrude Mongella amezaliwa Ukerewe. Mwezi Septemba mwaka huu itatimia miaka 30 tangu aongoze, akiwa Katibu Mkuu, ule mkutano wa Umoja wa Mataifa wa Beijing wa mwaka 1995, na mpaka leo watu wazima wa hapa humwita Mama Beijing. Mwaka 2000 tulimchagua kuwa mbunge wa jimbo, siyo wa kuteuliwa, akakaa hadi 2010. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2004, akawa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Wazee waliopiga kura zile wapo hapa mbele, wengine wamekaa safu ya kwanza.

Sasa wazee haohao, Mheshimiwa, hawajawahi kumpa mwanamke uenyekiti wa kijiji hiki. Hata uenyekiti wa kitongoji. Tumetoa mwanamke wa kuongoza Bunge la bara zima, lakini wa kusimamia mpaka wa shamba la mihogo na zamu ya kusafisha kisima hatujampata!

Na si kwetu tu. Tangu Machi 19, 2021 nchi inaongozwa na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan. Spika wa Bunge ni mwanamke, na ni wa pili baada ya Mama Anna Makinda aliyekalia kiti hicho mwaka 2010. Lakini baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, wenyeviti wa vijiji wanawake nchi nzima walikuwa kama asilimia 2. Ukipanda juu unawaona wanawake, ukishuka kijijini, ambako wananchi ni sisi na wagombea ni sisi, wanapotea.

Tumeulizana sana jambo hili tukiwa kwenye chanja. Jibu tulilolipata ni kwamba mwanamke wa mbali hamkeri mtu. Rais hakuolewa kwenye ukoo wa hapa. Mbunge akishashinda anakwenda Dodoma, na mumewe haonekani kilabuni akitaniwa. Mwenyekiti wa kitongoji ni shemeji yako, ni mkamwana wako, jana ulimwona anachota maji, na ng'ombe za mahari yake unazijua kwa rangi. Huyo ndiye atakayekuita kwenye kikao, akuulize kwa nini mbuzi wako wamekula mtama wa jirani. Hapo ndipo mila inapoamka, hata kwa mtu ambaye miaka yote mila haikuwa na kazi naye.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yake tutaeleza yaliyompata mwenzetu mmoja, bila kumtaja jina wala chama, ingawa wengi hapa wanamfahamu na yeye mwenyewe amekaa anacheka. Kuelekea uchaguzi wa Novemba 27 mwaka jana alichukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji. Ni mtu wa hesabu, daftari la kikundi analiandika yeye. Siku ya pili yake ukoo wa mumewe ukaitisha kikao. Shemeji mkubwa akasema, "Wewe tumekuoa, hukuzaliwa hapa. Ukipata kiti, siri za ukoo utazipeleka kwenu." Mwenzetu akavumilia. Wiki ile alikwenda kwao kwenye msiba, upande wa pili wa kisiwa, akawaeleza kaka zake. Kaka zake wakamwambia kama ni uongozi akatafute kwa mumewe, huku kwao ameshatoka.

Mheshimiwa, hebu tusaidie. Kwao ni mtu wa kuondoka, kwa mumewe ni mtu wa kuja. Ana miaka zaidi ya 20 kwenye kitongoji kile, amezaa hapo, amezika hapo. Kijana wa kiume aliyerudi juzi kutoka mgodini Geita anaitwa mwenyeji kwa sababu babu yake alipanda ule mwembe. Sheria haiulizi umeolewa wapi, inauliza unaishi wapi. Anayeuliza umeolewa wapi ni sisi.

Ikafika siku ya kura za maoni ndani ya chama. Wagombea watatu walisimama mbele ya wanachama uwanjani, wanaume wawili na yeye. Wanaume wakaulizwa kuhusu barabara na michango ya shule. Yeye alipomaliza kujieleza, swali la kwanza lilikuwa, "Mume wako yupo? Naye asimame aseme kama ameridhia." Mumewe alikuwepo. Akasimama, akasema ameridhia, watu wakacheka, mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Basi nyumbani kwako mwenyekiti ni nani?" Wake za wale wagombea wengine walikuwepo pia, kwenye khanga pale chini na sisi. Hawakuulizwa. Mwenzetu alishika nafasi ya pili, na tunamshukuru mama mkwe wake, ambaye kinyume na wanawe alizunguka nyumba kwa nyumba kumwombea kura na goti lake lile bovu.

Kushindwa ni jambo la kawaida kwenye uchaguzi, hatulalamikii hilo. Tunalalamikia lile swali la mume.

Wapo waliomshauri, tena kwa nia njema, "Kwa nini usiende kundi la wanawake?" Wageni wetu ambao hamkai vijijini mjue kwamba halmashauri ya kijiji ina wajumbe wa kundi la wanawake, ambalo limetengwa kisheria, na wajumbe wa kundi mchanganyiko, ambalo ni la kila mtu. Lakini hapa kwetu neno mchanganyiko limekuja kuwa na maana ya wanaume. Mwanamke akichukua fomu huko anaambiwa ana tamaa, nafasi zake zipo kwingine. Kile kilichowekwa kuwa sakafu, tusianguke chini yake, kimegeuzwa dari.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, usione tunakusema wewe. Tunajua Viti Maalum vilikotoka. Mwaka 1985 vilianza na wanawake 15 bungeni, na marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yakavifikisha asilimia 30. Bila hivyo leo tungekuwa tunamsomea risala hii mwanaume, tena tukiwa tumeipunguza nusu. Na Mheshimiwa Rais mwenyewe aliingia Baraza la Wawakilishi Zanzibar mwaka 2000 kwa Viti Maalum, baadaye akagombea na kushinda Jimbo la Makunduchi. Kwa hiyo njia ipo. Ila unajua kuliko sisi mambo mawili. Mfuko wa Jimbo unasimamiwa na mbunge wa jimbo, wewe huna. Na Katiba, Ibara ya 51, inataka Waziri Mkuu atoke miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni, kwa hiyo hata ungekuwa hodari namna gani, kiti hicho hukifikii ulipokaa. Katika uchaguzi wa 2020, kati ya majimbo 264, wanawake walioshinda hawakufika 30. Mwaka huu Oktoba tunakwenda tena kwenye uchaguzi mkuu. Tunakuuliza kwa heshima, na hatuhitaji jibu leo: je, fomu ya jimbo utaichukua?

Tuje kwenye jambo ambalo wengi hawalioni kuwa kikwazo, yaani saa za mikutano. Mkutano mkuu wa kijiji hapa huitwa saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi, Mheshimiwa, dagaa wameshashuka mtumbwini na jua limeanza kupanda. Usipowaanika wakati ule wanaharibika, na fedha uliyokopa imekwenda. Wavuvi wao wametoka kazini, wamenawa, wana nafasi ya kukaa kwenye mkutano. Kisha tunasomewa muhtasari kwamba wanawake walialikwa, hawakujitokeza. Ndugu Mwenyekiti wetu ni mtu mwelewa, na tunamwomba hadharani mikutano iitwe saa tisa alasiri, ikiwezekana siku za mbalamwezi, ambapo mitumbwi ya dagaa haiendi ziwani na mwalo wote umepumzika.

Vikao vyenyewe vya siasa, vile vya kupanga nani apitishwe, haviitwi kwa tarumbeta. Hufanyika usiku, nyuma ya baa au nyumbani kwa mwenye fedha. Mwanaume akionekana huko anafuatilia siasa. Mwanamke akionekana huko, kufika asubuhi ameshapewa jina, na jina hilo litawafikia watoto wake shuleni. Asipokwenda, anakuta orodha imeshapangwa. Na wapo wanaotumia hali hiyo kudai rushwa ya ngono ili jina lipite. Tunalitamka mbele ya viongozi wa dini kwa sababu likinong'onwa tu halikomi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa hili katika kifungu cha 25, lakini binti anayedaiwa anajua akilalamika ataulizwa usiku ule alikuwa anatafuta nini.

Kwa kuwa nchi yetu hairuhusu mgombea binafsi, mlango ni chama tu. Aliyezuiwa mlangoni mwa chama hana dirisha.

Fedha tutaigusa kidogo. Hapa mgombea anatarajiwa kununua soda, kukodi pikipiki, kuchangia misiba yote ya msimu. Mwanamke mwenye shamba la mume na mkopo wa kikundi hana cha kuuza. Baadhi yetu tulitaka mfuko wa kikundi umsaidie mwenzetu, wengine wakakataa wakisema fedha za hisa si za siasa, na kwa kweli walikuwa na hoja. Mjadala huo bado haujaisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kuna kauli tunaichukia na tunaomba tuiseme: ati wanawake hawapendani, ndiyo maana hawachaguani. Wanaume watano wakigombea kiti kimoja na kuitana wezi jukwaani, hiyo inaitwa demokrasia. Mwanamke mmoja akimnyima mwenzake kura, inakuwa tabia ya wanawake wote tangu Hawa. Wapo kati yetu ambao hawakumpigia mwenzetu kura. Mmoja alitueleza sababu: mumewe alimwambia akimpa kura yule, naye ataanza kutaka kugombea.

Ndiyo maana ombi letu la pili linawahusu wanaume mliopo. Siku ya kujieleza kwa wagombea, swali la mwenzi liulizwe kwa wote au lisiulizwe kwa yeyote. Msimamizi wa mkutano ana uwezo wa kulizuia pale pale, hahitaji semina. Viongozi wetu wa dini, tunawaomba mkifundisha ndoa mtuambie pia kama kuongoza kitongoji kunavunja utii wa mke, maana wapo wanaotusomea maandiko kwa niaba yenu nje ya nyumba za ibada, na wanasoma mstari mmoja tu.

Vyama vyote vya siasa vyenye matawi hapa tunaviomba viache kutukumbuka siku ya mapokezi tu. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed aliwaingiza wanawake TANU kupitia vikundi vya ngoma, na waliingia kama wanachama wenye kadi na kazi ya kufanya. Sisi tunaitwa kuimba, kutandika khanga na kupika pilau, kisha majina yanajazwa tukiwa tunaosha masufuria.

Kwako, Mheshimiwa, tunaomba jambo unaloliweza. Kabla ya Oktoba uturudie hapa siku moja bila shughuli, utufundishe namna ya kujaza fomu, kuweka pingamizi na kukata rufaa, kwa sababu wengi wetu tunaenguliwa kwa makosa ya karatasi. Njoo na mwanasheria kama utampata. Wanakikundi wanne wameshasema watagombea nafasi za udiwani na za ndani ya vyama vyao, wawili wako chama kimoja na wawili vyama tofauti, na tumekubaliana kwamba kwenye chanja hakuna chama.

Mwenzetu aliyeshika nafasi ya pili ameomba tukufikishie kwamba uchaguzi ujao wa kitongoji atachukua fomu tena. Shemeji yake mkubwa ameshajulishwa.

Baada ya risala hii mweka hazina atakuletea barua ya chanja na mashine ya kukaushia, pamoja na gunia moja la dagaa waliokauka vizuri. Tunaomba uwapime kabla ya kuondoka, Wasukuma wa sokoni wasije wakasema tumekupunja.

Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu kwa niaba ya wanakikundi.