Mazoezi ya stesheni, Jumamosi saa 2:00 asubuhi

Habari za jioni wapendwa,

Kabla ya safari yetu ya Morogoro, Jumamosi hii tutakwenda stesheni ya SGR, Dar es Salaam, kujifunza njia, sisi tusioona pamoja na wasindikizaji wetu. Tukutane nje ya mlango mkuu wa abiria saa 2:00 kamili asubuhi.

1. Njoo na fimbo yako nyeupe na kitambulisho. Kwenye ukaguzi wa mizigo, mwambie askari mapema kwamba fimbo ndiyo macho yako, usiachane nayo muda mrefu.

2. Ngazi za umeme utazisikia kabla hujazifikia, zinavuma. Fimbo ikigusa bati lenye mistari, simama kwanza. Shika mkono wa ngazi uone unakwenda upande gani: ukikujia, hizo si zako. Asiyezipenda aulizie lifti, wala hakuna aibu.

3. Wasindikizaji, nawaomba sana: msituvute mkono wala kutusukuma mgongoni. Toa kiwiko, sisi tushike, utangulie nusu hatua. Mwaka jana kwenye kituo kimoja kijana alinibeba mzobemzobe kwa nia njema, fimbo ikabaki chini. Sijasahau.

4. Pembeni mwa reli hatutembei bila fimbo kutangulia. Hapo hakuna haraka.

Nauli ya safari, sh 13,000 kwenda tu, imfikie dada mweka hazina kabla ya Ijumaa saa 12 jioni.

Tafadhali jibu kwa sauti au maandishi leo: NAJA au SIJI, na kama unahitaji msindikizaji.