Mbuzi wetu wa manila

Ngamiani, Tanga
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na za mama zimo humu humu. Uliponiuliza kwenye simu ile katuni imefikia wapi, nilikujibu kwa mkato kwa sababu nilikuwa na uchungu. Sasa nimetulia, nakueleza.

Sehemu ya kwanza imekwisha, dakika nne. Mbuzi wote tumewakata kwa karatasi za manila, tukawalaza mezani, simu tukaifunga juu ya stuli ikiwatazama. Unasogeza mguu kidogo, unapiga picha. Unasogeza tena, unapiga nyingine. Kila sekunde inakula picha 12, kwa hiyo dakika moja ni picha 720. Feni hatukuwasha hata siku moja maana ingewapeperusha, na wewe joto la Tanga unalijua. Miezi mitatu ilikatika hivyo.

Kisa chenyewe ni mwenyekiti wa mbuzi anayezindua bomba. Hotuba ndefu, utepe unakatwa, bomba linatoa upepo. Tulipoanza, mtaa mzima ulikuwa ukilisema bomba letu. Tulipomaliza maji yalikuwa yanatoka, na jambo lenyewe limeshasahaulika. Majirani tuliowaonyesha barazani walicheka kutustahi tu. Shoga, kicheko cha kustahiwa kinauma kuliko kununiwa.

Ndipo nikatafuta kujua wenzetu wanafanyaje. South Park, ile katuni ya Marekani isiyomchelea mtu, nayo ilianza na karatasi. Sehemu yake ya kwanza, iliyoonyeshwa Agosti 13, 1997, wabunifu wake, Trey Parker na Matt Stone, waliihangaikia kwa mikono miezi kama mitatu. Baadaye wakahamia kwenye kompyuta, ila sura ya karatasi hawakuiacha. Siku hizi sehemu moja kwa kawaida huwachukua siku sita: Alhamisi wanakaa kubuni kisa, Jumatano inarushwa. Obama alichaguliwa Novemba 4, 2008, na usiku wa pili yake katuni yao ikamtoa akihutubia, maneno ya hotuba yake yamo. Tarehe yao hawakuwahi kuikosa hadi Oktoba 2013, umeme ulipokatika studio kwao. Matusi yao mengi siyataki, lakini mwendo huo ninautaka. Mzaha wa bomba unatakiwa utoke bomba likiwa bado kavu.

Kosa jingine letu lilikuwa kupiga picha kwanza, sauti tukaja kubandika juu. Mbuzi akifumba mdomo, neno bado linaendelea. Safari hii tunarekodi sauti kwanza, kisha tunafuata midomo. Na hapa Kiswahili kimenifurahisha mno! Silabi zetu karibu zote zinaishia kwa irabu, kwa hiyo midomo mitano ya a, e, i, o, u inabeba kazi kubwa. Nimeongeza mmoja uliofumbwa kwa ajili ya m, b na p, na mwingine wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v. Midomo saba kwa kila mbuzi, nimeipanga kwenye kopo la maziwa.

Kuna kipande nimekitoa, hata vijana wakininunia. Ni kile cha mbuzi mzee mwenye mguu mbovu anayeanguka na ndoo. Siku ile barazani alikuwapo jirani yetu anayetembelea fimbo. Kilipofika hapo alitazama chini, na mimi nikamtazama yeye, kicheko changu kikakauka. Mwenyekiti simwachii, hata mjomba aseme hatuna adabu. Ufunguo wa bomba anao yeye. Mzee wa ndoo ana nini cha kumchekea?

Sasa nakuhitaji. Nataka Bibi Mbuzi, yule wa dirishani, awe na sauti yako. Hakuna ninayemjua anayerusha kijembe kama wewe, mtu akapigwa na asijue kimetoka wapi. Mistari yake kumi na moja nimeiandika nyuma ya barua hii, ukiona neno halikai kinywani libadilishe. Jifungie kwenye chumba chenye nguo nyingi ili sauti isirudi, simu iwe karibu na mdomo, kila mstari useme mara tatu. Nitumie kabla ya Alhamisi, siku hiyo tunaanza kukata.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Ngamiani