Barua kwa mwanangu: usiwadharau watu wa mtoni

Mwanangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwenzako amekucheka kwa kuchagua jeshi la majini la Misri ya kale kuwa mada ya insha, eti wale walikuwa watu wa mtoni tu, bahari haikuwa kazi yao. Muache acheke. Mimi niliyekulia kwenye majahazi nakwambia walishinda vita vyao vikubwa kuliko vyote vya majini kwa sababu hiyo hiyo: mto waliujua.

Anza na ukuta wa kaskazini wa hekalu la Farao Ramses wa Tatu huko Medinet Habu, ng'ambo ya magharibi ya Naili, mkabala na mji wa Luxor. Vita vilivyochongwa pale ni vya mwaka wa 8 wa utawala wake, yapata 1175 KK. Adui ni makundi ya wavamizi ambao wanahistoria huwaita Watu wa Bahari. Kuna merikebu nne za Misri na tano za adui, na moja ya hizo tano imeshapinduka.

Wengi hutazama kwanza watu wanaochinjana. Wewe tazama makasia. Merikebu za Misri zinayo, na wapigaji wamekaa nyuma ya ubavu wa mbao ulioinuliwa, vichwa tu ndivyo vinavyochungulia. Za adui hazina hata kasia moja. Matanga ya pande zote mbili yamekunjwa juu kwenye foromali, ule mti unaoshika tanga. Sasa niambie, chombo kilichokunja tanga na hakina kasia kinakwenda wapi? Kimeshakuwa shabaha. Juu ya mlingoti wa Mmisri kuna kikapu, ndani yake mtu wa kombeo. Chini wapiga upinde wanamimina mishale, na wengine wamejipanga ufukweni wanafanya kazi hiyo hiyo. Gubeti, yaani pua ya merikebu, ina kichwa cha simba anayetafuna kichwa cha mtu, ufahari wa kifalme huo, lakini kilichoua ni upinde.

Kwa hiyo Farao hakuwafuata bahari kuu. Aliwangoja kwenye midomo ya Naili, ambako maji ni membamba, na askari wa nchi kavu wanafikisha mishale yao. Maandishi ya ukutani yanajisifu kwamba mbele ya adui palikuwa na moto na ufukweni boma la mikuki. Hapo usiamini yote, maana ukuta ni wa mshindi na mshindi ndiye aliyemlipa mchongaji. Ila mahali pa kupigania, hilo naliamini.

Usiishie kwa mafarao. Karne nne kabla ya hapo kulikuwa na askari aitwaye Ahmose mwana wa Ebana, wa Nekheb, siku hizi El Kab. Maisha yake yameandikwa kwenye kaburi lake. Aliingia jeshini akiwa kijana ambaye bado hajaoa, akishika nafasi ya baba yake katika merikebu iliyoitwa Fahali Mwitu. Alimfuata mfalme kwa miguu nyuma ya gari lake la farasi, na walipouzingira Avaris, mji wa Wahiksosi, wageni waliotawala kaskazini mwa Misri, alipigana nchi kavu kwanza, kisha mferejini. Aliua mtu, akakata mkono kuwa ushahidi, akapewa dhahabu ya ushujaa. Baharia na askari walikuwa mtu mmoja, na chombo kilikuwa cha kumfikisha penye vita. Akikuuliza mwenzako meli za kivita zenyewe ziko wapi, msomee huyo.

Jambo moja la pembeni, usilitie kwenye insha: mashua ya Farao Khufu, iliyogunduliwa 1954 kando ya Piramidi Kuu, ina zaidi ya mita 43 na mbao zake zimeshonwa kwa kamba, sawa na mitepe, vile vyombo vya kushonwa vya Lamu. Si ya vita, ila babu yako angeomba aipande.

Insha ikiisha niletee niisome kabla hujaikabidhi. Sehemu ya makasia usiifupishe.

Baba yako